Kilomita 12 za Mwisho: Kutoka Uwanja wa Ndege wa Dar es Salaam Hadi Stesheni ya Treni

Msafiri anayetua Dar es Salaam akiwa na nia ya kuendelea Morogoro, Dodoma au Kondoa ana safari tatu mbele yake, ingawa mwenyewe huhesabu mbili. Ya kwanza ni ya angani, nayo ina wenyewe: shirika la ndege, wakala, na kama ni safari ya ibada, amiri wa msafara. Ya mwisho ni ya reli, nayo ina ratiba, namba ya behewa na namba ya kiti. Katikati yake ipo safari ya pili, ya kilomita zipatazo 12, kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere hadi stesheni ya treni iliyopo katikati ya jiji. Hiyo haina mwenyewe. Haimo katika semina za mahujaji wala katika karatasi ya wakala, na watoto waliobaki nyumbani huimaliza kwa maneno mawili: "Mtapanda treni."

Maneno hayo yamekuwa mepesi tangu mwaka 2024. Tarehe 14 Juni mwaka huo treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, tarehe 25 Julai ikafika Dodoma, na tarehe 1 Agosti Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua rasmi. Safari ya Dodoma iliyokuwa ikila siku nzima ya basi sasa huchukua takriban saa tatu na nusu. Nauli ya kawaida iliyotangazwa mwaka huo ilikuwa shilingi 13,000 hadi Morogoro na shilingi 31,000 hadi Dodoma, na mtoto mdogo hulipiwa nusu. Kwa familia za Kiislamu za Dodoma na wilaya zake, ambazo kila mwaka hupeleka wazee umra na hija, hii ni neema ya kushukuriwa.

Lakini neema hiyo huanzia mlangoni pa stesheni. Mzee anayetoka Jiddah au Madina hushukia mahali pengine kabisa, naye huwa na usingizi wa siku mbili machoni, begi zito mkononi na dumu la lita tano za Zamzam. Makala haya ni ya kilomita hizo za katikati, kwa faida ya atakayezipita na ya aliyemtuma.

Mlango wa kutokea

Ndege za kimataifa hushusha abiria katika Jengo la Tatu la Abiria, lililofunguliwa Agosti 2019 na kujengwa kwa uwezo wa kuhudumia abiria milioni sita kwa mwaka. Lipo pia Jengo la Pili, la tangu miaka ya 1980. Anayekwenda kumpokea mgeni na aulize jengo kwanza, kwa kuwa wapo waliosubiri saa nzima kwenye jengo moja huku mgeni wao akiwasubiri kwenye jingine.

Ndani ya Jengo la Tatu mambo huenda kwa utulivu. Kuna uhamiaji, mizigo, forodha, kisha milango ya vioo hufunguka na hewa ya Dar es Salaam, nzito na yenye chumvi, humpokea mtu usoni. Hapo ndipo utulivu huishia. Mara moja hujitokeza watu wa kumsaidia asiyeomba msaada. Mmoja hushika mpini wa toroli, wa pili huuliza "Mzee, wapi?", wa tatu hutaja bei kabla ya jibu.

Tuwe waadilifu katika hili. Madereva wa teksi wa uwanjani ni watu wa kazi halali, wana leseni na wana familia, na wengi wao ni waumini tunaoswali nao safu moja. Bei ya teksi hutokana na makubaliano, na makubaliano yaliyofanywa kwa ridhaa ya pande mbili hayana ubaya katika dini yetu. Ubaya hupatikana pale mmoja anapojua bei ya soko na mwenziwe hajui, na aliyejua akautumia ujinga wa mwenziwe. Kauli ya Mtume (s.a.w.) ya kuwakataza watu wasiulaki msafara nje ya mji ili wanunue bidhaa kabla wenye mali hawajafika sokoni na kujua bei, imehifadhiwa katika vitabu vya hadithi na kufafanuliwa katika vitabu vya fiqhi. Msafiri anayetokea kwenye milango ile ya vioo yupo katika hali inayofanana sana na ya wenye msafara wale. Amefika mjini, lakini hajafika sokoni.

Kwa hiyo silaha ya kwanza ya msafiri ni kujua kwamba anayo njia nyingine. Hata kama hataitumia, kuijua kwake humpa ulimi wa kusema "hapana, ahsante" bila hofu.

Barabara na majina yake

Njia hiyo nyingine ni Barabara ya Nyerere, ambayo wazee bado huiita Barabara ya Pugu. Inapita mbele ya uwanja wa ndege ikitoka Gongo la Mboto na Ukonga, na inaingia mjini moja kwa moja. Daladala za Gongo la Mboto kwenda Kariakoo au Posta hupita humo mchana kutwa, na nauli yake hata shilingi elfu moja haifiki. Kutoka Jengo la Tatu hadi kituo cha barabarani ni mwendo wa miguu, mfupi kwa kijana asiye na mzigo, na mrefu kwa mama wa miaka 70 mwenye goti bovu.

Msafiri akishapanda, na ahesabu majina: Kipawa, Jeti, Vingunguti, Tazara, Veta, Kamata, Gerezani. Ni kama kuhesabu tasbihi, jina likipita lisirudiwe. Konda hutamka kila kituo, lakini hukitamka kwa haraka ya mtu aliyekitamka mara elfu, na sikio la mgeni hushika nusu tu.

Katika majina hayo moja ni la hatari, nalo ni Tazara. Hapo, kwenye makutano na Barabara ya Mandela, pana stesheni kubwa ya reli. Ni stesheni ya reli ya Tanzania na Zambia, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, yenye urefu wa kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi. Msafiri aliyeambiwa "shuka stesheni ya treni" husikia konda akitaja Tazara, huona jengo la reli, hufurahi na kushuka na mizigo yake. Treni ya Dodoma haipo hapo. Amebakiwa na kilomita kadhaa, na gari alilokalia limekwisha kuondoka. Wanaompokea mzee kwa simu kutoka mbali na wamwambie mapema kwa maneno ya wazi: "Ukisikia Tazara, baki umekaa."

Neno la pili la tahadhari linahusu muda. Barabara hii hubeba wafanyakazi wa viwandani, wanafunzi, malori ya mizigo na wasafiri wa ndege kwa pamoja. Daraja la juu la Mfugale pale Tazara, lililofunguliwa Septemba 2018, lilipunguza sana adha ya makutano yale, lakini halikuiondoa foleni ya asubuhi wala ya jioni. Mwendo ambao saa nne asubuhi unaweza kwisha katika dakika 40, saa kumi na moja jioni unaweza kula saa moja na nusu. Stesheni nayo huwataka abiria wafike mapema, maana milango hufungwa kabla ya treni kuondoka. Aliyekata tiketi ya treni inayoondoka saa mbili tu baada ya ndege kutua amejitia mwenyewe katika dhiki. Hesabu ya salama ni saa tano au sita kati ya kutua na kuondoka, na kwa wazee, kulala usiku mmoja kwa jamaa ni bora zaidi.

Wazee wawili wa Kondoa

Mwaka jana, katika siku za baridi za katikati ya mwaka, nilifuatana na wazee wawili, mtu na mkewe, wenyeji wa Kondoa waliokuwa wakirejea kutoka umra. Mtoto wao anaswali msikitini kwetu, na siku hiyo zamu ya kazi ilimzuia. Tulikuwa nao kijana mmoja wa kamati na mimi. Dereva wa kwanza aliyetukabili mlangoni alitaja bei iliyokaribia nauli ya treni ya wazee wote wawili hadi Dodoma. Mzee alisimama, akaipima bei ile kimya, kisha akaniambia: "Mwanangu, sisi tumetembea Safa na Marwa mara saba. Hiki kipande cha barabara ndicho kitatushinda?"

Mkewe alimjibu kabla yangu: "Safa na Marwa hapakuwa na mabegi, baba Hamisi."

Wote wawili walikuwa na haki. Fedha waliyoikusanya kwa miaka ya kuuza alizeti na mbuzi ilikuwa imekwisha, na waliyobaki nayo ilikuwa ni ya basi la kutoka Dodoma kwenda Kondoa na sadaka ndogo ya kuwapa wajukuu watakaowapokea. Wakati huohuo goti la mama lilikuwa goti la kweli. Hatukutafuta ushujaa. Tulisukuma toroli hadi mahali inaporuhusiwa kufika, kijana akabeba begi kubwa, mimi la pili, mzee akachukua Zamzam, na mama akatembea mikono mitupu, akipumzika kila alipotaka. Tukaziacha daladala mbili zilizojaa. Ya tatu ilikuwa na viti.

Konda alitazama mabegi, akasema mzigo nao una nauli yake. Tukamlipa nauli ya abiria mmoja kwa mabegi yote mawili, jambo la haki, maana yalichukua nafasi ya mtu. Mama alikaa dirishani. Msichana wa shule aliyeketi karibu yake aliangalia dumu la Zamzam lenye maandishi ya Kiarabu, akauliza kwa adabu, "Shikamoo bibi, mmetoka Makka?" Kufika Vingunguti basi zima lilikuwa limekwisha kujua. Mtu wa kiti cha nyuma akaomba aombewe dua, mwingine akauliza joto la huko, na mzee, ambaye tangu uwanjani uso wake ulikuwa umekunjamana, akaanza kusimulia.

Tulipofika Kamata, konda yuleyule aliyetudai nauli ya mabegi aliruka chini kabla gari halijasimama sawasawa, akapiga bati kwa kiganja na kumpigia kelele dereva: "Tulia, wazee hao wanashuka!" Akashusha mabegi kwa mikono yake, akampa mama mkono hadi miguu yake miwili ikawa chini. Nyuma yetu magari yakapiga honi. Hakujali.

Ninalieleza hili kwa sababu katika familia zetu daladala hutajwa kama mahali pa fujo na pa kukosewa heshima tu. Fujo ipo, na saa za msongamano mwanamke mwenye kujistahi hana nafasi yake pale mlangoni ambako watu hugandana, wala simshauri mtu ampeleke mama yake huko. Lakini saa za nafasi zipo pia, na rehema imo hata katika mikono iliyozoea kusukumana. Msafiri anachohitaji ni mtu anayejua tofauti ya saa hizo.

Njia ya wapagazi

Kutoka Kamata hadi stesheni hapana umbali mkubwa, na njiani mtu hupita pembezoni mwa historia yetu wenyewe. Mji huu ulianzwa katika miaka ya 1860 na Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar, kando ya kijiji cha Mzizima, akauita kwa jina linalobeba maana ya amani. Wakati huo njia kuu ya kwenda bara ilianzia Bagamoyo, nayo ilikuwa ya miguu. Misafara ilikwenda hadi Tabora na Ujiji kwa miezi, ikibeba vitambaa na shanga na kurudi na pembe, na katika biashara hiyo walikuwamo pia watu waliotiwa utumwani, jambo ambalo Mwislamu mkweli halifichi. Katika njia hiyohiyo walipita walimu wa Kurani, na ndiyo maana hadi leo Tabora na Ujiji ni miji ya misikiti ya zamani.

Wajerumani walianza kutandika Reli ya Kati hapa Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kwa sehemu kubwa iliifuata njia ya misafara. Tangu hapo mizigo ya bara ikashukia hapa, na Bagamoyo ikapoa. Mtaa wa Kariakoo, ambao jina lake ni matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Vita ya Kwanza ya Dunia, unakumbusha maelfu ya watu waliobebeshwa vita ya wengine migongoni. Msikiti wa Manyema uliopo hapo Kariakoo nao unabeba jina la watu ambao asili yao ni mashariki ya Kongo, waliofika pwani kwa njia ya misafara hiyo na kubaki.

Basi mzee wa Kondoa anayeburuta begi kuelekea treni ya umeme anakanyaga mahali ambapo watu wa bara na pwani wamekuwa wakikutana na mizigo yao kwa zaidi ya karne moja. Mji huu ulikua kwa kupokea wasafiri. Ni aibu mji wa namna hiyo ukisahau namna ya kuwapokea.

Stesheni

Stesheni mpya haihitaji kuelekezwa mara mbili. Ipo jirani na stesheni ya zamani ya Reli ya Kati, na jengo lake, lililochongwa mfano wa jiwe la tanzanaiti, huonekana kwa mbali vioo vyake vikirudisha jua. Wenye daladala wanaijua kwa jina la Stesheni ya Magufuli au "kwenye SGR". Aliyepanda gari la Kariakoo ashuke Kamata au Gerezani, na kama ana mzigo au mzee, achukue bajaji kwa kipande kilichobaki. Aliyepanda la Posta amuulize konda kabla ya kukaa kama atapita karibu na stesheni, maana gari likishaondoka swali hilo huwa ghali.

Mlangoni huhitajika mambo mawili: tiketi na kitambulisho. Tiketi hukatwa kwa mtandao na kulipiwa kwa simu, au hununuliwa dirishani, na jina lililo kwenye tiketi lilingane na la kitambulisho. Wazee wetu wengi wana majina mawili, la kwenye pasi na la nyumbani. Mtoto aliyekata tiketi kwa kuandika "Bi Mwajuma" wakati pasi inasema jina jingine amemwekea mama yake kikwazo kwa nia njema. Kadhalika pasi isifungiwe ndani ya begi kubwa chini ya kanzu na tende. Ikae mkobani, kwa sababu mizigo yote hupita kwenye mashine ya ukaguzi, na si vyema mzee afungue sanduku lake sakafuni mbele ya watu.

Ndani kuna viti, ngazi za umeme na matangazo ya sauti. Ngazi hizo zinawatisha wengi wasiozizoea, basi waulizie lifti, hata kama italazimu kuzunguka kidogo.

Swala za mwenye safari hii

Swali nililoulizwa mara nyingi zaidi kuhusu njia hii halihusu nauli bali swala, na ni sawa liwe hivyo. Nitaeleza kwa mujibu wa madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi wa pwani na bara, na mwenye udhuru maalumu amuulize sheikh wake.

Mkazi wa Dodoma anayepita Dar es Salaam bado ni msafiri. Masafa yake yamezidi kwa mbali kiwango cha kupunguza swala, ambacho wanazuoni wengi wanakikadiria kuwa kilomita 80 na zaidi kidogo. Kutua kwake Dar es Salaam hakujaikata safari yake, hata akilala kwa jamaa usiku mmoja au miwili, maadamu hakunuia kukaa siku nne kamili mbali na siku ya kuingia na ya kutoka. Anapunguza Adhuhuri, Alasiri na Isha kuwa rakaa mbili mbili, na anaweza kukusanya. Mkazi wa Dar es Salaam aliyerudi kwa ndege ileile hana ruhusa hiyo, kwa kuwa amekwisha kufika mjini kwake. Watu wawili waliokaa viti jirani angani hutofautiana rakaa pindi wanapofika ardhini, nalo hili liwafanye watu waulizane nia kabla ya mmoja kumwongoza mwenziwe katika swala.

Kwa treni ya mchana, lililo jepesi ni kuswali Adhuhuri na kuitanguliza Alasiri pamoja nayo kabla ya kupanda, kwa mpangilio wake na bila kuachanisha kwa muda mrefu. Kuchelewesha Adhuhuri hadi wakati wa Alasiri kunahitaji safari iwe ingali inaendelea hadi swala zote mbili zimalizike. Treni ikimfikisha mtu nyumbani kwake kabla ya hapo, ile ya kwanza imekuwa kadha. Alfajiri haikusanywi na nyingine. Mwenye treni ya alfajiri na apange kuswali kwa wakati wake kabla ya kupita ukaguzi, si kutumaini nafasi kati ya viti. Misikiti haikosekani: Kipawa na Vingunguti ipo kando ya barabara, na Kariakoo na katikati ya jiji kuna misikiti mikongwe kama Mtoro, Manyema na Kitumbini, ambayo mgeni akiingia hana wa kumuuliza katoka wapi.

Haki ya mwana wa njia

Mwenyezi Mungu (s.w.) ametaja katika Suratut-Tawba makundi manane yanayostahiki zaka, na la mwisho kati yake ni mwana wa njia, yaani msafiri aliyekatikiwa. Tumezoea kumfikiria kama mtu aliyeibiwa jangwani. Leo huenda akawa ni mzee mwenye mali nyumbani kwake, ng'ombe na shamba, lakini amesimama mbele ya Jengo la Tatu akiwa na simu iliyokwisha chaji na noti za riyali ambazo muuza chai hazitaki. Hana haja ya mali nyingi. Ana haja ya mtu.

Napendekeza mambo matatu, na kila moja lipo ndani ya uwezo wetu. Kwanza, familia inayompeleka mzee imwandikie karatasi moja kwa herufi kubwa, isiyotegemea simu: jina la jengo, jina la kituo cha kushuka, nauli, namba za watu wawili waliopo Dar es Salaam, na yale maneno kuhusu Tazara. Pili, kamati za misikiti ya bara zinazoandaa semina za umra na hija ziongeze nusu saa ya safari ya kurudi. Tunawafundisha watu mambo ya Mina na Muzdalifa kwa picha na ramani, nako kuna viongozi kila hatua, kisha tunawaacha kwenye Barabara ya Nyerere ambako hakuna kiongozi. Tatu, misikiti iliyo kando ya barabara hii, kuanzia Ukonga hadi Gerezani, iwe na vijana wawili watatu wanaojulikana, ambao namba zao zipo kwa makatibu wa misikiti ya Dodoma, Kondoa na Morogoro. Kazi yao iwe kupokea, kubeba na kupandisha, bila malipo na bila kugeuzwa biashara ya mtu. Kijana anayetumia saa tatu zake kwa wiki kumvusha mama wa watu barabara anajifunza dini kwa namna ambayo darasa haliwezi kumfundisha.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya serikali, na kwamba njia ya mabasi yaendayo haraka, ambayo awamu yake ya tatu ni ya barabara hii hadi Gongo la Mboto, itayamaliza yote. Tunaiombea ifanye kazi vyema, kwani basi lenye njia yake na kituo kilicho sawa na sakafu yake ni rehema kwa goti la mzee. Hata hivyo basi zuri halimwambii mtu ashuke wapi, wala halimshiki mkono.

Wale wazee wawili walipita ukaguzi muda wa kutosha kabla ya treni yao. Mzee alitaka kunirudishia nauli ya daladala, nikamwomba aache. Akafikiri kidogo, akafungua mfuko wa tende za Madina, akampa kijana wetu punje saba na kumuuliza jina la baba yake, ili amtaje katika dua. Kijana yule sasa ameniomba nimwite kila msafara unaporudi. Mwenye jamaa atakayepita njia hii katika miezi ijayo na aiarifu kamati ya msikiti ulio karibu naye wiki moja kabla ya ndege kutua, ili awepo mtu mlangoni.

Wabillahi tawfiq.